Kwa Miguu Hadi Ziwa Duluti

Mwaka 2020 treni ya abiria ilirudi Arusha baada ya miaka mingi. Kutoka stesheni unaweza kwenda kwa miguu kuliona Ziwa Duluti. Ni zaidi ya kilomita 10, basi anza asubuhi.

Fuata barabara ya Moshi. Mlima Meru utakuwa kushoto kwako. Wewe tembea kulia, uyaone magari yanayokuja. Utapita Kimandolu. Ukifika Tengeru, pinda kulia.

Ziwa limo ndani ya shimo la volkano ya kale. Maji yake hutoka chini ya ardhi. Msitu unaolizunguka huzuia udongo. Miti ikikatwa, mvua itajaza tope ziwani. Pumzika kivulini, lakini usikate mti.