Nilivyoumbuliwa na Nzi wa Mwembe

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya sekondari Tabora mjini. Kidato cha tatu, mada uchavushaji. Nilijiandaa mpaka saa nane usiku. Asubuhi nikachora ubaoni ua kubwa jekundu, nyuki juu yake. Nikajiona mwalimu kamili.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Ticha, na mwembe je? Ua lake dogo, rangi yenyewe haieleweki. Nani analichavusha?"

"Nyuki," nikajibu haraka. Darasa likaguna. Wengi wao wamekulia kwa warina asali. Kuhusu nyuki huwadanganyi.

Tukatoka nje. Tabora mwembe hautafutwi. Wazee husema ilianza na misafara iliyokuwa ikipita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, watu wakila embe na kutupa kokwa njiani. Ilikuwa Julai, miti imechanua. Tukasogea: nzi watupu! Nyuki wa kuhesabu. Ua la mwembe liko wazi kama kisahani, nekta iko juu juu, hata nzi mwenye mdomo mfupi anaifikia. Mapambo ya nini?

Basi somo likawa lao. Mahindi hayaalike mdudu: mbelewele inamwaga chavua, upepo unaipeleka kwenye nywele za gunzi. Ua la mpapai ni jeupe, linanukia jioni, linamsubiri nondo. Mbuyu unafungua ua lake usiku, kubwa, linaning'inia ili popo alifikie. Miyombo na mitundu ya porini ni ya nyuki, na ndiyo asali ya Tabora.

Hapo yule kijana akarudi tena: "Ticha, ulisema kwenu Urambo. Si ndiko mnakoikata hiyo miyombo kukaushia tumbaku? Nyuki wa baba yangu watakula wapi?"

Nilinyamaza. Tumbaku ndiyo iliyonisomesha tangu darasa la kwanza. Na ua la tumbaku sisi hulikata mapema, nguvu ibaki kwenye majani. Nimevunja maelfu kwa mikono yangu, halafu tunaingia porini kutafuta kuni za bani. Sikuwahi kujiuliza ni nani tunayemnyima chakula.

Usiku nikampigia baba. Baada ya shikamoo nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ni kweli. Lakini muhula ujao utasoma kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kutosha. Ila kwenye hela ya fildi nilibana, nikanunua mizinga miwili ya mbao. Baba ameitundika kwenye kipande cha pori kilichobaki nyuma ya bani. Amesema hapo shoka haliingii. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe: mmoja umeingia nyuki.