Paa la Kiwanda: Barua kutoka Newala

Newala, msimu wa korosho

Mdogo wangu,

Uliniomba nikifika kusini nikuangalizie jambo moja: kiwanda kikishasimama, ardhi yake inaweza kugeuzwa makazi namna gani? Nimetembea na swali lako tangu Masasi. Leo nakujibu nikiwa juu huku, ukingoni mwa mteremko ambao wenyeji wanauita Shimo la Mungu. Bonde la Ruvuma liko chini yangu na Msumbiji iko ng'ambo.

Nianze na historia, maana bila hiyo utachora hewani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Serikali ikakopa Benki ya Dunia ili ijenge viwanda vya kubangulia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwa 12 nchini, Masasi na Newala vikiwemo, kwa mitambo ya Italia na Japani. Lakini zege lilipokuwa likimwagwa, mikorosho ilikuwa tayari inamezwa na pori. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mashamba yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,500 hivi. Viwanda vikawa na mashine bila korosho. Baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, na vingi vikaishia kuwa maghala.

Korosho zenyewe zilirudi. Salfa iliokoa maua, na tangu mwaka 2007 mazao yanauzwa kwa stakabadhi ghalani. Ndiyo maana nakusihi usiandike kwenye mchoro wako kwamba eneo la namna hii ni tupu. Mnada unapofunguliwa mwezi Oktoba, ghala ndilo moyo wa mji: malori yanapanga foleni, wapagazi wanashusha magunia, mama lishe wanawasha moto kabla ya alfajiri. Kinachokosekana ni kubangua, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho bado inaondoka nchini ikiwa ghafi. Ukileta makazi mahali hapa, yalete pembeni ya kazi hiyo. Usiifukuze.

Najua mfano ulionao mezani ni Kawe, Dar es Salaam, kwenye ardhi ya zamani ya Tanganyika Packers, ambako nyama ilisindikwa kwenye makopo na sasa Shirika la Nyumba la Taifa linapandisha maghorofa. Kule bahari iko karibu na ardhi ni ghali, kwa hiyo ghorofa lina hesabu yake. Tena umewahi kunionyesha picha za Vienna, yale matangi manne ya gesi ya mwaka 1899 yaliyogeuzwa nyumba mwaka 2001: maduka chini, ofisi katikati, watu juu. Nayapenda, hasa kwa kuwa hawakuvunja kuta za matofali. Lakini maduka chini na watu juu si jibu la Newala. Mji huu umetandaa, viwanja vipo, na mtu hapandi ngazi kwa kukosa mahali pa kulala. Kinachokosekana ni maji.

Masasi nimepita haraka. Mji ule wa njia panda umezungukwa na vilima vya mwamba mtupu, mawe na mchanga vipo, na msingi wa nyumba si shida. Ukipanda kuja Newala hesabu inageuka. Udongo wa nyanda hii unanywa mvua yote, na juu huku hakuna mto. Mjerumani Karl Weule alipokaa Newala mwaka 1906 aliliona hilo, kwamba watu wanaishi juu na maji yako chini kabisa mabondeni. Hadi leo maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari. Kwa hiyo nyumba nyingi za bati zina gata, na uani kuna kisima cha saruji kilichochimbwa kupokea mvua.

Sasa litazame paa la kiwanda kwa macho hayo. Kila mita 1,000 za mraba za paa, mvua ya mwaka ikiwa milimita 1,000, zinapokea lita milioni moja. Toa hata moja ya tano kwa kumwagika na kwa yale maji ya kwanza yanayosafisha vumbi: zinabaki lita 800,000. Familia ya watu watano, kila mtu akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 36,500 kwa mwaka. Paa hilo linatosha familia zaidi ya 20, na paa la kiwanda ni kubwa kuliko hapo. Wewe ulikuwa tayari kulibomoa! Mimi ningelitunza kwanza kuliko kitu kingine chochote, nichimbe visima chini ya sakafu ya kupakilia, kisha nyumba nizipange kuzunguka, kila moja na bomba lake. Sharti ni moja: majengo mengi ya miaka ile nchini yaliezekwa kwa asbesto. Mabamba hayo yakikutwa, yaondolewe na watu wenye ujuzi na vifaa vya kujikinga, na bati jipya liwekwe kabla tone moja halijaingia kisimani.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Wanawake wanaobangua kwa mkono hujipaka mafuta au majivu vidoleni ili wasiungue. Mafuta hayo hayo yana soko, hutumika kwenye rangi na breki za magari, lakini palipomwagwa maganda kwa miaka usipande mchicha wala usiweke uwanja wa watoto mpaka udongo upimwe. Na kama ubanguaji utarudi, kama ninavyotamani, moshi wa kukaangia uwe upande wa magharibi wa nyumba. Kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo zote mbili zitaupeleka moshi mbali na vyumba vya kulala.

La tatu ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na desturi ilikuwa mume kuhamia kwa mkewe. Hata leo utakuta mama, binti zake na wajukuu wakitumia ua mmoja. Chumba-sebule kilichofungwa kwa korido, mlango ukitazama ukuta wa jirani, kinauvunja ua huo siku ya kwanza. Nakuomba uchore nyumba tatu au nne zenye ua mmoja na majiko ya nje yanayotazamana, ukubwa tofauti: ya bibi ndogo, ya binti mwenye watoto kubwa, na chumba cha kupangisha chenye mlango wake barabarani. Wakati wa msimu wanunuzi, madereva na makarani wanatafuta pa kulala, na kodi ya chumba hicho inaweza kuwa ya bibi. Mchanganyiko wa makazi na biashara ninaouamini uko hapo, ndani ya familia moja. Uache pia uwanja mpana usiojengwa. Watoto wa jando na unyago wanapotoka, ngoma haiwezi kuchezwa kwenye maegesho ya magari.

Kuhusu umiliki, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo huku ardhi, paa na mabomba vikiwa vya wote. Itumie kulilinda paa na visima kwanza, visije vikauzwa kwa mtu mmoja akawauzia wenzake maji kwa ndoo. Nisingekubali mkataba wowote unaokaa kimya juu ya hilo. Na kabla ya hati kubadilishwa matumizi, tangazo la halmashauri lisomwe pale ghalani wakati wa mnada, wapagazi na mama lishe wakiwepo. Wao ndio wapangaji wako wa kwanza.

Barabara ya kutoka Mtwara kuja huku hadi Masasi, kilomita 210, inawekwa lami, na lami ikifika bei ya viwanja itapanda. Kwa hiyo usikawie. Nitumie kwanza mchoro wa paa peke yake, uelekeo wa kaskazini ukiwa umeonyeshwa. Kuta tutazijadili baadaye.

Kaka yako