Shimo la Chuma Lililogeuka Ziwa

Jimbo la Minnesota, lililoko kaskazini mwa Marekani na kupakana na Kanada, lina sifa ya maziwa mengi mno, hata vibao vya namba za magari ya huko huitaja kuwa nchi ya maziwa 10,000. Lakini katikati ya jimbo hilo, yapata kilomita 200 kaskazini ya mji wa Minneapolis, yako maziwa ambayo hayakuletwa na mvua wala mito. Hayo ni mashimo ya migodi ya zamani. Mahali hapo huitwa Cuyuna, na miji midogo iliyo jirani ni Crosby na Ironton.

Jina hilo lina kisa chake. Mwishoni mwa karne ya 19, mpimaji ardhi aitwaye Cuyler Adams aliona sindano ya dira yake ikivutwa upande usio wake, akatambua kuwa ardhini mna chuma. Jina la mahali likaundwa kwa mwanzo wa jina lake na jina la mbwa wake, Una. Shehena ya kwanza ya madini iliondoka mwaka 1911. Chuma cha Cuyuna kilichanganyika na manganizi, madini yanayotiwa katika feleji ili iwe imara. Kwa hiyo, wakati wa vita vikuu viwili vya dunia, manganizi ya nchi za ng'ambo ilipokuwa shida kupatikana, migodi hiyo ilithaminiwa sana na waliotengeneza silaha.

Kila chenye mwanzo kina mwisho. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na katika miaka ya 1980 kazi ikakoma kabisa. Pampu zilizokuwa zikikausha mashimo usiku na mchana zilipozimwa, maji ya ardhini yalipanda polepole yakayajaza. Vilima vya kifusi chekundu vikaota miti bila kupandwa na mtu. Mwaka 1993 serikali ya jimbo ililitenga eneo hilo, lenye ukubwa wa hekta 2,000 hivi, liwe mahali pa mapumziko ya wananchi.

Afikaye huko wakati wa kiangazi hukuta familia zimepiga mahema chini ya miti, karibu na ukingo wa maji. Wako pia wanaolala katika vibanda vya duara vya turubai, vyenye jiko la kuni ndani, ambavyo hutumika hata theluji inapoanguka. Asubuhi, kabla upepo haujavuma, mitumbwi hushushwa majini. Baadhi ya maziwa hayo yameungana, hivyo mwenye kasia aweza kutoka shimo moja na kuingia jingine bila kukanyaga nchi kavu. Maji ni maangavu ajabu. Mtu akiinama juu ya ubavu wa mtumbwi huona miti iliyozama ingali imesimama wima. Wazamiaji nao huja kutoka mbali kuyatazama mambo yaliyofichwa huko chini.

Wavuvi hufuata hasa samaki aitwaye trauti, ambaye hupenda maji baridi yenye hewa safi. Huyo hakujileta mwenyewe. Idara ya maliasili ya jimbo humpandikiza. Pamoja naye wamo samaki wa kienyeji wa maziwa ya kaskazini. Sheria ya uvuvi ni kali. Mtu mzima lazima awe na leseni, na avuaye trauti hulipia stempu zaidi. Katika maziwa yaliyotengwa kwa ajili ya samaki huyo, ni marufuku kutumia vidagaa hai kuwa chambo, kwani wakiponyoka huzaana na kumnyang'anya trauti chakula chake.

Hata hivyo, uzuri wa maji hayo haupasi kumhadaa mtu. Ziwa la kawaida huanza na maji ya magoti, kisha ya kiuno. Shimo la mgodi halina subira hiyo. Kingo zake zilikatwa na mashine, na hatua moja au mbili kutoka ukingoni mtu aweza kukosa mahali pa kusimama. Shimo la Portsmouth, ambalo kando yake pana kambi ya mahema, lina kina kinachopita mita 130. Jua huyapasha moto maji ya juu tu. Ya chini hubaki baridi ya kukakamaza viungo. Ndiyo maana mzazi mwangalifu humvika mtoto jaketi la kuokolea kabla hajamkabidhi kasia. Ushauri huo wafaa popote penye shimo la machimbo lililojaa maji.

Maji hayo yana deni jingine, nalo ni la damu. Kaskazini ya Crosby ulikuwapo mgodi wa Milford, uliochimbwa kwa mahandaki chini ya ardhi. Alasiri ya tarehe 5 Februari 1924, watu 48 walikuwa kazini humo, na handaki moja lilikuwa limelisogelea mno ziwa dogo la Foley. Ghafla tope na maji yakapasua njia. Kwa muda usiozidi dakika 20 mgodi wote ulikuwa umejaa. Watu 7 waliparamia ngazi wakaokoka, na 41 wakafa.

Miongoni mwa waliokufa alikuwa Clinton Harris, aliyesimamia ndoo kubwa ya kupandishia madini. Ngazi ilikuwa karibu naye. Badala ya kuikimbilia, alibaki mahali pake akivuta kamba ya king'ora ili wenzake walio mbali wapate kujua. King'ora kiliendelea kulia kwa saa nyingi baada ya sauti za watu kunyamaza. Miezi mingi ilipita kabla maiti wote hawajapatikana. Leo hapo pana bustani ya kumbukumbu, na wapitao hupata kusoma majina ya marehemu.

Askari aliye lindoni ataelewa upesi kuliko wengine maana ya mtu kukaa mahali alipopangiwa. Harris hakuwa na bunduki wala cheo. Alikuwa na kamba moja tu mkononi. Wanaovua na kupiga makasia huko Cuyuna hawakatazwi kufurahi, kwani raha ya halali ni haki ya kila mtu atokaye kazini. Lakini mzazi awapelekaye watoto wake kucheza ukingoni mwa maji hayo hufanya vema akiwaeleza, kabla ya kutupa ndoana, ni akina nani waliolichimba lile shimo, na ni nani aliyekataa kuiachia kamba.