Penye Mbao za Mweso, Arua na Koboko

Ahamiaye West Nile kutoka Kampala huvuka Mto Nile mara mbili, kwanza Karuma na kisha Pakwach, ndipo barabara imfikishe Arua, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Kutoka hapo hadi Koboko ni mwendo wa kilometa 55 hivi kuelekea kaskazini, kupitia Maracha, katika barabara ya lami. Koboko, wilaya tangu mwaka 2005, imekaa pembeni kabisa mwa nchi, karibu na mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Kwa hiyo askari na polisi hawakosi kupelekwa huko.

Jioni ndiyo taabu ya mgeni. Kazi imekwisha, mke na watoto hawajawasili, na lugha za mtaani, yaani Kilugbara cha Arua, Kikakwa cha Koboko na Kinubi cha masokoni, hazijamwingia sikioni. Kiswahili kinaeleweka na wengi, hasa wafanya biashara wavukao kwenda Kongo, lakini kueleweka si sawa na kukaribishwa. Penye kivuli cha mwembe wamekaa wazee na vijana kuuzunguka ubao wa mweso. Yeye husimama kando asijue aanzie wapi.

Na sare yake haimrahisishii jambo. Baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, na vita vilivyofuata mwaka 1980, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani, wakaishi huko kwa miaka. Wazee walioyaona hayo wangali hai. Askari akikaribia, mazungumzo hupungua. Yafaa basi aende bila sare, asalimie wote kwa mkono akianzia kwa mkubwa, aseme "Mi ngoni" kwa Walugbara hata kama matamshi yatachekesha, kisha akae atazame. Asiombe kucheza siku ya kwanza. Atazame siku mbili tatu, mpaka mzee mmoja amsukumie kete.

Mchezo wenyewe, ambao Walango wana ndugu yake waitao choro, una mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Huchukua kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, akazitawanya moja moja kinyume cha mwendo wa saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anaendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiwa imefika safu ya ndani, katika shimo lenye kete, na mashimo yote mawili ya adui yaliyo mbele yake yana kete, huzila zote, akazitawanya kuanzia pale safari ile ilipoanzia. Asiye na shimo la kuchezea ameshindwa.

Hapa ndipo ajikwaapo askari mzaliwa wa pwani, ajionaye fundi kwa kuwa alilelewa na bao la Zanzibar. Mashimo ni 32 kule kule na kete ni 64 zile zile, lakini bao humla adui shimo moja tu la mbele, na kete zilizoliwa huanzia kichwani. Mweso hauna nyumba, wala kete 22 za kushika mkononi. Hodari wa Unguja hushindwa Koboko na kijana asiye hata na ndevu, na kicheko cha siku hiyo humfungulia mlango kuliko ushindi kumi. Aliyeshindwa mbele ya watu amekwisha kuwa mwanafunzi wao; nani amwogope?

Haja hii ya kupata kundi haiko kwa mweso tu. Huko Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974, ambamo wachezaji hukaa mezani wakijifanya mashujaa wa hadithi aisimuliayo mmoja wao, huwa na sheria za vitabu vizima; na bado wengi huujifunza kwa kukaa na wanaoujua. Mweso hauna hata kitabu pale chini ya mwembe.

Penye ubao unaochezewa fedha, mwanafunzi apite tu. Mshahara huisha, na anayecheza kwa fedha hana nafasi ya kumfundisha mtu.

Mama na watoto watakapofika, hawana haja ya kungoja ubao. Uani mwa kambi huchimbwa mashimo 32 katika udongo, zikaokotwa changarawe 64, na watoto wa jirani huja wenyewe kuonyesha namna ya kula. Mvua ikinyesha, mashimo huchimbwa upya.