Jina moja, watu wawili

Simameni katikati ya soko mkaite "Kabwe!" Watageuka watu wangapi? Kwetu Katanga kila nyumba ya Waluba iliyojaliwa mapacha ina Kyungu wake na Kabwe wake. Jina hilo latuambia jinsi mtoto alivyozaliwa. Halituambii ni mtoto wa nani. Sisi makatekista twalijua sana jambo hilo, maana kuandika majina ni kazi yetu, na mara nyingi ukurasa mmoja wa daftari una akina Yoane watatu na akina Maria wanne.

Wengine husema: "Ni jina tu." Lakini siku ya urithi jina si kitu kidogo. Mtaani kwetu jamaa mbili ziligombania shamba moja, kwa sababu babu wa huku na babu wa kule waliitwa jina lile lile, na karatasi ya zamani ilitaja jina hilo bila neno lingine. Wazee walituita tuisome. Tuliisoma mara tatu, nayo haikuongeza kitu. Ndipo bibi kizee mmoja akauliza: "Shamba hilo lilipakana na nani? Na maji walichota wapi?" Kwa maswali hayo mawili shauri likaisha.

Tangu siku ile tulitamani kujua watu wa nchi nyingine hufanyaje wanapokuta majina yanayofanana katika hati za kale. Tukaanza kusoma habari za Virginia, koloni la kwanza la Waingereza lililodumu katika Marekani, lililoanzishwa mwaka 1607. Huko vitabu vya mashamba vimetunzwa vizuri. Mwaka 1934 Bibi Nell Marion Nugent alitoa kitabu cha mihtasari ya hati hizo, kuanzia mwaka 1623, na hata leo watafutaji wa ukoo hukitumia. Tena ndani ya hati hizo tulikuta watu waliotoka upande wetu huu wa Afrika.

Kwanza tueleze desturi yenyewe. Tangu mwaka 1618, mtu aliyelipa nauli ya mwingine kuvuka bahari aliweza kupewa eka 50, yaani karibu hektari 20, kwa kila kichwa alichokileta. Karani aliandika jina la mwenye shamba, hesabu ya eka, mto au hori iliyo karibu, majirani, na majina ya wale walioletwa. Basi hati moja yaweza kuwa na majina mengi, na mengi yao ni ya kawaida mno. Johnson maana yake ni mwana wa John tu. Na Waingereza wenye jina John hawakuhesabika.

Kuna mitego mingine. Neno "mkubwa" au "mdogo" likifuata jina, msidhani mara moja kwamba ni baba na mwanawe. Zamani zile liliweza kuwa la watu wawili wasio na undugu, mmoja mzee kuliko mwenziwe, wanaokaa mahali pamoja. Tena mpaka mwaka 1752 Waingereza walianza mwaka wao tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari 1624 ya karani ni Februari 1625 kwa hesabu yetu. Asiyelijua hilo aweza kumzika mtu kabla hajanunua shamba.

Sasa tumtazame mtu mmoja. Mwaka 1619 Waafrika zaidi ya 20 walifikishwa Virginia. Walikuwa wametekwa na kupakiwa merikebuni huko Luanda, katika Angola, nchi jirani yetu. Baada yao wakaja wengine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1625 ameandikwa Antonio, mtu mweusi, aliyefika mwaka 1621. Hana jina la baba wala la kijiji. Wachunguzi wamemtambua kuwa ndiye aliyeitwa baadaye Anthony Johnson. Alipata uhuru, akaoa mke jina lake Mary, na mwaka 1651 akapewa eka 250 kwa vichwa vitano. Kati ya majina yale matano limo la Richard Johnson. Naye Anthony alikuwa na mwana aitwaye Richard Johnson. Je, ni mwanawe au ni mtu mwingine? Jina peke yake halijibu.

Mwaka 1652 John Johnson akapata eka 550 karibu na shamba la Anthony. Huyu ni mwana mwingine wa Anthony. Lakini palikuwa na jirani mzungu, naye aliitwa John Johnson! Basi likafika mbele ya mahakama shauri la hati iliyozuiliwa na John Johnson mmoja, nayo ilionekana kuwa mali ya John Johnson mwingine, yule Mwafrika. Twaona hapa jinsi majina yanavyoweza kuwa mlango wa dhuluma, hasa mmoja akiwa na nguvu na mwenziwe hana.

Tusimpambe Anthony kupita kiasi. Mwaka 1655 mahakama ilimrudishia mtu mweusi mwenzake, John Casor, amtumikie maisha yake yote. Aliyeonja utumwa alimfunga mwingine. Hati hazioni haya. Zatuonyesha watu jinsi walivyokuwa.

Je, wachunguzi huwatenganishaje akina Johnson hawa? Kama yule bibi kizee wetu. Hawalifuati jina, hulifuata shamba. Huuliza: limepakana na nani, liko kando ya maji gani, lilitoka kwa nani, likaenda kwa nani? Huuliza tena jina la mke, na alama ya mkono ya asiyejua kuandika. Jirani hutajwa katika hati ya jirani, na hivyo mtu mmoja huanza kuonekana mbali na mwingine.

Baadaye jamaa ya Anthony ilihamia Maryland. Naye alipokufa, mwaka 1670, baraza la wazee wa hukumu huko Virginia likasema kwamba, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, alikuwa mgeni. Basi ardhi aliyoiacha yaweza kuchukuliwa. Eka 50 alizokuwa amempa mwanawe Richard zikaenda kwa mzungu. Safari hii hakuna aliyekosea jina. Walijua vizuri ni Johnson yupi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ninyi mnaoandika, kama sisi, msiandike jina tupu. Ongezeni la baba na la mama, kijiji, mto, na jirani. Hati njema haizuii kila dhuluma, lakini huiacha dhuluma bila maficho.

Mwaka 1677 mjukuu wa Anthony, John Johnson naye, alinunua eka 44 huko Maryland. Akina John Johnson walikuwa wengi pande zile. Lakini shamba lake alilipa jina ambalo lamtambulisha hata leo. Aliliita Angola.