Asubuhi Moja Penye Kichuguu cha Kang'ata

Mwezi wa Agosti nilikwenda Kang'ata, wilaya ya Handeni, kumwamkia mzee mmoja wa upande wa mke wangu. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, nyasi zimekauka, na njia ni vumbi tupu hata gurudumu la baiskeli lilizama. Nilimkuta mzee ana hasira. Vifaranga wake sita wameliwa, na vijana wake walikuwa wamelundika kuni kando ya kichuguu kilicho nyuma ya shamba.

“Karani,” aliniambia, “humo mna nguchiro kundi zima. Kesho watakula moto.”

“Baba,” nikamjibu, “nakuomba asubuhi moja tu tuwatazame kwanza.” Alicheka, akakubali kwa ajili ya ugeni wangu.

Basi alfajiri tulikaa mbali kidogo, mimi, mzee na mjukuu wake. Jua lilipoanza kupasha moto, tuliona hondohondo wawili juu ya mti, wametulia kama watu wanaongoja basi. Halafu kichwa kidogo kikachungulia tunduni, kikarudi, kikatoka tena. Wakatoka kumi na mmoja, wakaota jua na kuchanana manyoya. Hawa ni wale nguchiro wadogo waitwao vitafe. Kitafe hafiki nusu kilo. Katika jamii ya simba, chui na fisi, yaani wanyama walao nyama, ndiye mdogo kuliko wote wa Afrika.

Walipoanza kuchakura majani, hondohondo wakashuka wakatembea katikati yao. Panzi akiruka, ndege humnyaka. Mara ndege mmoja akalia kwa ukali, na kufumba na kufumbua hapakuwa na kitafe hata mmoja juu ya ardhi. Kipanga alikuwa akipita.

“Kumbe ndege ndiye askari wao!” mzee akasema.

Ndivyo ilivyo. Bibi Anne Rasa, mtaalamu aliyewachunguza vitafe katika nyika ya Taru huko Kenya, aliandika habari hizi mwaka 1983. Aliona kwamba hondohondo huonya hata kwa ndege wakali wasiowadhuru hondohondo wenyewe, ila huwala vitafe. Vitafe wakichelewa kuamka, ndege huwaita mlangoni; ndege wakichelewa, vitafe huwangoja. Huko kusini, katika jangwa la Kalahari, watalii hulipa fedha nyingi kumtazama mirikati, ndugu yake kitafe, akisimama wima kulinda wenzake. Sisi tulikaa juu ya gogo bila kulipa senti.

Nilimweleza mzee na jambo la watoto wao. Kwa kawaida azaaye ni mama mkubwa wa kundi, lakini wengine hubaki kwa zamu kulinda watoto, na huko Serengeti wataalamu wameona majike ambao hawakuzaa wakitoa maziwa na kunyonyesha. Mzee alinyamaza kitambo. Yeye mwenyewe alilelewa na shangazi yake.

Lakini vifaranga je? Siwezi kumtetea kitafe kwa kila jambo, maana hula pia mijusi, panya na ndege wadogo. Hata hivyo chakula chake kikubwa ni wadudu: mchwa, panzi, mende wa porini, hata ng'e. Tulitazama mpaka saa tatu, na kuku walikuwa wakipekua hatua chache tu kutoka hapo, wala hakuna aliyewajali.

Ndipo mjukuu akasema kwa sauti ndogo, “Babu, mimi niliyemwona juzi bandani alikuwa peke yake, mwembamba, na ncha ya mkia wake nyeusi.”

Mzee akamgeukia. “Mbona hukusema?”

“Hukuniuliza, babu.”

Huyo ni nguchiro mwingine kabisa. Hutembea peke yake, na sifa yake ya kuiba kuku inajulikana. Tungalichoma kumi na mmoja kwa kosa la mmoja ambaye hata hakai kichuguuni pale.

Siku ile vijana walikata fito wakaziba mianya ya banda. Nilipoaga siku ya tatu, tulipita tena kichuguuni tukakuta kimya, maana vitafe hawakai mahali pamoja. Baada ya siku chache huhamia kichuguu kingine. Hondohondo nao hawakuwapo. Zile kuni mama wa nyumba alikuwa amezisongea ugali.