Mombasa ni raha hata kwa mfuko mwepesi

Mpenzi msomaji, likizo inapokaribia, wazazi wengi wa mjini huanza kukwepa macho ya watoto wao. Jirani ameshatangaza kwamba anawapeleka wake Mombasa. Wako wamesikia, na kila jioni mezani wanangoja useme neno. Nawe ukizihesabu shilingi zilizobaki baada ya kodi ya nyumba na karo, waona kwamba safari hiyo ni ya wenye nacho.

Nakusihi usikate tamaa. Lakini pia nakuomba usifanye kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu watatu katika mji huo.

Siku ya kwanza, kwa kutotaka mke wangu na watoto waone kwamba mfuko wangu ni mwepesi, niliwaingiza katika hoteli moja ya kitalii kando ya bahari. Tukala chakula cha mchana, watoto wakaagiza aiskrimu mara mbili, nami nikatabasamu kama mtu mwenye shamba kubwa la kahawa. Bili ilipoletwa, zaidi ya nusu ya pesa za siku nne zilikwenda na sahani moja. Jioni tulirudi kimya kimya kwenye gesti yetu karibu na Mwembe Tayari. Kifungua mimba wangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, akanivuta shati na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, tumeishiwa?"

Sikuwa na jibu. Lakini mama mwenye gesti, aliyekuwa uani akikuna nazi, alilisikia swali lile. Tulikuwa tumemwamkia shikamoo kila tulipompita, na nadhani heshima hiyo ndogo ndiyo iliyotuokoa. "Kwani mwanangu," akaniambia, "bahari mliyoifuata iko ndani ya hoteli?" Akaweka mbuzi ya nazi kando, akatueleza pa kwenda na saa za kwenda. Siku tatu zilizofuata ndizo wanangu wanazozisimulia hadi leo. Ile hoteli hawaitaji kamwe.

Basi, msomaji, nami nakupa aliyonipa mama yule, pamoja na niliyojifunza katika safari za baadaye.

Anza na nauli, kwani ndiyo humeza pesa nyingi. Garimoshi la SGR, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, hujaa upesi misimu ya likizo, kwa hiyo kata tiketi mapema. Ukipanda la asubuhi, watoto watajionea mbuga ya Tsavo kupitia dirishani, na mara nyingi ndovu huonekana bila kulipa kiingilio cha mbuga. Kumbuka kwamba stesheni iko Miritini, nje ya mji, basi weka kando nauli ya matatu ya kukuingiza mjini. Mwenye haraka atachukua teksi na kulipa mara nyingi zaidi.

Mjini penyewe, tumia miguu. Anza asubuhi kabla jua halijawa kali, kwenye zile pembe za ndovu za Barabara ya Moi. Waambie watoto wazigonge wasikie kwamba si pembe za kweli, ni za madini. Kutoka hapo fuata barabara moja kwa moja hadi iwe Barabara ya Nkrumah, nawe utafika Fort Jesus kwa kama nusu saa ukitembea polepole.

Fort Jesus hulipiwa, lakini mwananchi hutozwa kiasi kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Beba kitambulisho. Hapa ndipo ninapokushauri utoe pesa bila kusita, kwani mtoto atakayeigusa mizinga ile hatasahau tena somo la historia. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya mwaka 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza nao wakaja kuigeuza jela. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi za dunia. Ukitaka mtu wa kuwatembeza, patana naye bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza.

Ukitoka ngomeni umeshaingia Mji wa Kale, na huko kutembea ni bure. Fuata njia ya Ndia Kuu mtazame milango ya nakshi na roshani za mbao. Msikiti wa Mandhry, ambao husemekana kujengwa mwaka 1570, uko papo hapo. Vaeni nguo za heshima, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Huu ni mtaa wa watu wanaoishi, wanaopika na kulea watoto. Salimu kwanza, ndipo uulize njia, nawe utashangaa jinsi mtu atakavyoacha shughuli yake akusindikize.

Kuhusu chakula, kula wanapokula wenyeji. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi. Mchana, hoteli ndogo za wali na maharagwe ya nazi zimejaa karibu na soko la Marikiti. Jioni kuna viazi vya karai, mishkaki na maji ya ukwaju. Ukisafiri mwezi wa Ramadhani, jua kwamba hoteli nyingi hufungwa mchana, lakini jua likitua vyakula hutandazwa mitaani vya kila namna.

Je, watoto wanataka kupanda chombo cha majini? Usikodi mashua. Nendeni Likoni mkapande feri, kwani anayevuka kwa miguu halipi hata senti. Vukeni, mrudi, na mkitaka mvuke tena. Wanangu walivuka mara nne siku moja, wakishindana kuhesabu meli zilizokuwa bandarini. Washike mikono tu wakati wa kupanda na kushuka, maana watu husongamana.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, nao hauna kiingilio. Ila mama yule alinifunza jambo moja ambalo wengi wetu wa bara hatulijui: uliza maji kabla ya kupanda matatu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukifika maji yamekupwa kabisa, mtaogelea magotini. Wavuvi na wauza madafu watakwambia saa sahihi. Ngamia na maboya ya kukodi, vivyo hivyo, ni vya kupatana bei kwanza.

Siku ikiisha, nendeni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Keti chini ya mibuyu na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, mzitazame meli kubwa zikipita karibu nanyi kuingia Kilindini. Humo utakuta matajiri na makabwela wamekaa ukuta mmoja wakipunga upepo ule ule.

Hapo ndipo tulipomalizia jioni yetu ya mwisho. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi na shilingi chache za chai. Kifungua mimba wangu akanivuta shati tena, moyo wangu ukaruka. "Baba," akasema, "tutarudi lini?"

Msomaji, mtoto hapimi safari kwa bili. Huipima kwa muda uliokaa naye na mambo aliyoyaona akiwa amekushika mkono. Kilichotaka kuiharibu safari yangu hakikuwa umaskini, ilikuwa aibu ya kuonekana maskini. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Likizo ijayo usiyakwepe macho ya wanao. Waambie mnakwenda, na uwaambie pia mna pesa ngapi.